Mgema, Fundi na Mafuta ya Taa

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shuleni tulifundishwa methali hii kama onyo kuhusu sifa: usimsifu mtu kupita kiasi, ataharibu kazi. Mwalimu aliuliza maana, tukajibu, tukapewa vema. Hakuna aliyetuuliza kuhusu yale maji. Yalitoka wapi, yalitiwa saa ngapi, na yule aliyekuwa akinywa alijua?

Tarime na Serengeti hakuna minazi, lakini hakuna mtu huku asiyeielewa methali hiyo. Badilisha tembo uweke maziwa. Wakurya na jirani zao wamefuga ng'ombe tangu zamani, na palipo na maziwa ya kuuza pana mtu anayefikiria maji. Kutia kitu kwenye kitu ili kiwe kingi ni ujanja wa kale kuliko gari la kwanza kuvuka Mto Mara. Gari liliukuta ujanja huo ukilisubiri.

Nataka kuzungumza juu ya mafuta ya magari na vitu vinavyoongezwa ndani yake. Najua linasikika kama jambo la gereji, si la jarida kama hili. Lakini ndani ya tangi la gari kuna swali ambalo wanafalsafa wamelizunguka kwa karne nyingi: ni wakati gani kuongeza ni kuboresha, na ni wakati gani kuongeza ni kuiba? Na likishaitwa wizi, nani alipe gharama ya kuuzuia?

Tuanze na gereji. Ukipita kwa mafundi wa Tarime mjini, au Sirari pale mpakani, au Mugumu ambako magari ya watalii hupumzika kabla ya kurudi hifadhini, utasikia neno moja likirudiwa: dawa. Dawa ya kusafisha nozeli. Dawa ya kuongeza nguvu. Dawa ya moshi. Ni vichupa vidogo vyenye picha ya gari la kifahari, na dereva huambiwa amimine kimoja kwenye tangi kisha ajaze mafuta. Wataalamu huviita viongezi vya mafuta. Mafundi huviita dawa, na naona mafundi wamechagua neno zuri zaidi, kwa sababu neno dawa linakulazimisha kuuliza: mgonjwa anaumwa nini?

Maana wapo wagonjwa wanaopona. Mafuta yanapoungua huacha masizi na utando kwenye nozeli na vali. Tundu la nozeli ni dogo mno. Likizibwa kidogo tu, mafuta hayanyunyiziki kama ukungu, yanadondoka. Gari linakula zaidi, linatoa moshi, linakosa nguvu mlimani. Viongezi vya kusafisha, hasa vile vyenye kemikali ziitwazo polietha-amini, vinaweza kweli kulegeza utando huo. Huo si uchawi. Marekani, tangu 1995, sheria inataka petroli yote ya magari iwe na kisafishaji ndani yake kabla haijafika kwa mteja. Vipo viongezi vya kuzuia kutu ndani ya tangi, vya kusaidia pampu ya dizeli isisagike, na vya kuzuia petroli isiwake kabla ya wakati wake na kuifanya injini igonge.

Na wapo wagonjwa wasiopona kwa kichupa chochote. Ringi zilizokwisha hazirudi kwa kumiminiwa kitu. Chujio lililojaa vumbi la barabara ya Nyamongo linataka kubadilishwa, halitaki maombi. Injini iliyoundwa kutumia petroli ya kawaida haipati nguvu mpya kwa kutiliwa kiongezi cha injini za mashindano. Viongezi vyenye madini, kama manganizi au chuma, huweza kuacha mabaki kwenye plagi na kuharibu vifaa vya kusafishia moshi katika magari ya kisasa. Aliyemimina vichupa vitatu mahali pa kimoja hajatibu mara tatu. Ameharibu dozi.

Hapo mizani ya faida na hasara ni rahisi. Kichupa kina maandishi, hata kama hayasomeki vizuri. Mnunuzi anajua anaweka nini, analipa yeye, na akidanganyika anaumia yeye. Tunaweza kumcheka au kumhurumia, lakini hatuna sababu kubwa ya kukasirika. Kibaya zaidi kinachouzwa pale ni matumaini, na matumaini huuzwa kila mahali.

Hasira inaanza pale kitu kinapoongezwa bila mwenye gari kujua.

Karibu na mwaka 2010, Watanzania walipata neno jipya, au tuseme neno lililokuwa pembeni lilikuja kukaa katikati ya sebule: kuchakachua. Lilienea kwa sababu ya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli na petroli, kwa hiyo yalikuwa rahisi. Mfanyabiashara mwenye tamaa alichukua mafuta ya taa, akachanganya na dizeli, akauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli. Tofauti ilibaki mfukoni mwake. Oktoba mwaka huo tukawa na uchaguzi mkuu, na neno likahama kutoka kwenye tangi kwenda kwenye sanduku la kura. Baadaye likahamia kwenye vyeti, nyimbo, sukari, mapenzi. Leo mtoto anaweza kumwambia mwenzake amechakachua chai bila kujua kwamba neno hilo lilipata umaarufu wake sheli.

Dizeli haitumiki kama petroli. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto; hubana hewa mpaka iwe ya moto sana, ndipo mafuta yanyunyizwe na kuwaka yenyewe. Ili kunyunyiza kwa nguvu hiyo kunahitajika pampu, na pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha. Gari halizimiki siku hiyo wala wiki hiyo. Linaendelea kwenda, huku vyuma vinasagana kimyakimya, mpaka siku moja linakataa kuwaka. Kwenye petroli ni shida nyingine: mafuta ya taa huishusha ubora, injini inagonga, plagi zinajaa masizi.

Tofautisha sasa na mgema. Mnywaji wa tembo ana ulimi. Akipewa maji ataonja, atanuna, kesho atakwenda kwa mgema mwingine. Mnunuzi wa dizeli hana ulimi. Ulimi wake ni injini, na injini huonja leo ikasema baada ya miezi. Wakati huo ameshanunua kwenye sheli tano tofauti, na hawezi kumnyooshea yeyote kidole. Udanganyifu unaochelewa kugundulika ndio wenye faida kuliko wote, kwa sababu unamnyima aliyeumia hata jina la aliyemuumiza.

Lakini kuna jambo linalonizuia kusema haraka kwamba mafuta ya taa ndani ya dizeli ni uovu. Nchi zenye baridi kali, kama Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, dizeli ya kawaida hutengeneza nta wakati wa barafu na kuziba chujio. Kwa hiyo wauzaji huichanganya na dizeli nyepesi ambayo kwa tabia ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, na pale ulainishaji unapopungua huongezwa kiongezi cha kuurudisha. Ni karibu mchanganyiko uleule. Huko unaitwa huduma ya msimu wa baridi. Kwetu ni kosa la jinai.

Ina maana kosa haliko ndani ya kemia. Ukiyapeleka maabara mafuta yale mawili, moja la Kanada na moja la sheli ya mchakachuaji, darubini haitaona dhambi. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja alisema na mwingine alificha. Hili ndilo swali la kwanza tunalopaswa kukiuliza kitu chochote kilichoongezwa: nani anajua? Tangawizi kwenye chai ni kiongezi. Maji kwenye maziwa pia yangekuwa kiongezi kama mwenye maziwa angesema, "Haya nimeyapunguza nguvu, na bei nimeipunguza." Usiri ndio unaogeuza kuongeza kuwe kupunguza.

Serikali ilijibu uchakachuaji kwa kuongeza kitu kingine. Mwaka 2010, chini ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, nchi ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta. Neno hili nalo ni zuri. Vinasaba ni vile vilivyomo kwenye damu, vinavyosema wewe ni mtoto wa nani. Mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani hutiwa kiasi kidogo sana cha kemikali maalumu. Mafuta ya kupita kwenda nchi jirani na yale yaliyosamehewa kodi hayatiwi. Mkaguzi akija sheli na kifaa chake anapima: kama vinasaba havipo, mafuta hayo si ya hapa, kama vipo lakini vimepungua, kuna mtu ametia maji kwenye tembo.

Tarime ni wilaya ambayo hayo yote yanaigusa kwa wakati mmoja. Ina mpaka wa Sirari, ambapo ukivuka hatua chache uko Isebania, Kenya, na bei ya mafuta ni nyingine. Ina mgodi mkubwa wa North Mara. Ina njia za panya kuliko barabara. Ina bodaboda zinazonunua petroli kwa chupa za maji kandokando ya barabara, mahali ambapo hakuna mkaguzi wala kifaa. Ukisogea Serengeti, vijiji vilivyo mbali na Mugumu vinategemea hizohizo chupa na vidumu. Mtu mwenye pikipiki kijijini haulizi vinasaba. Anauliza kama yapo.

Vinasaba vinalijibu lile swali la kwanza vizuri. Vimetangazwa, kila mtu anajua vipo, injini haidhuriki. Ni kiongezi kisichomfaidia mwenye gari chochote isipokuwa kumhakikishia kwamba hakuna kiongezi kingine. Ni kama muhuri kwenye bahasha: hauandiki neno hata moja katika barua.

Hata hivyo muhuri huo haukutolewa bure. Gharama ya kuweka vinasaba imeingizwa kwenye kanuni ya bei. Ni shilingi chache kwa lita, lakini zipo, na kila anayejaza tangi anazilipa. Dereva wa Probox kati ya Tarime na Sirari anazilipa na abiria wake wanamrudishia. Kwa maneno mengine, mnunuzi mwaminifu anachangia gharama ya kumtafuta muuzaji mwizi. Hili ndilo swali la pili: nani analipa?

Kwa vinasaba, naona jibu linavumilika. Anayelipa ni yuleyule anayelindwa, na kiasi ni kidogo. Tunafanya hivyo kila siku. Tunalipia mlinzi wa soko, kufuli la mlango, ukuta wenye chupa zilizovunjika juu yake. Jamii ambayo uaminifu umepungua hulipa kodi ambayo haikupitishwa na Bunge. Inauma, lakini inagawanyika.

Mwaka uliofuata tulipewa jibu la aina nyingine, na hapa ndipo jambo la gereji linapoacha kuwa la gereji.

Katika bajeti ya mwaka 2011/12, ushuru wa bidhaa kwa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30. Ushuru wa dizeli ulipunguzwa. Lengo lilielezwa wazi: kuziba pengo la bei, ili mchakachuaji asiwe na faida ya kuchanganya. Hesabu yake haina kasoro. Kama mafuta ya taa yanakaribia bei ya dizeli, hakuna mwendawazimu atakayeyatia ndani ya dizeli. Wakaguzi wanaweza kuhongwa, vifaa vinaweza kuharibika, lakini bei haihongeki. Ondoa kishawishi na dhambi inakufa yenyewe.

Ila mafuta ya taa hayakuwa mafuta ya wachakachuaji. Yalikuwa mafuta ya taa, kama jina lake linavyosema. Yalikuwa ya kibatari kilichotengenezwa kwa kopo la maziwa na utambi wa kitambaa. Yalikuwa ya chemli kwenye nyumba yenye uwezo kidogo. Yalinunuliwa kwa kipimo dukani, kiasi cha kuwasha usiku mmoja au miwili, na mtoto aliyetumwa alirudi ameshika chupa kwa vidole viwili ili harufu isimganda. Mwaka 2011 umeme ulikuwa haujafika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti. Aliyekuwa na gari hakusomea kwenye kibatari, na aliyesomea kwenye kibatari hakuwa na gari.

Kwa hiyo tulifanya hivi: wachache waliiba kwa kutumia kitu cha maskini, na tukakipandisha bei kitu hicho ili wachache wale wasiweze kuiba tena. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tunaisema methali hii kama hekima, lakini ukiitafakari ni tishio. Samaki wengine walifanya nini?

Sitaki kuwa mwepesi. Upo utetezi, na una nguvu. Kwanza, bei ndogo ya mafuta ya taa ilikuwa haiwafikii maskini yote. Sehemu ya unafuu ule uliowekwa kwa ajili yao ilikuwa inanywewa na malori na sheli. Kodi nafuu iliyotekwa na wezi si msaada, ni jina tu. Pili, dizeli iliyochakachuliwa iliwaumiza maskini pia: basi likiharibika njiani kati ya Tarime na Mugumu, mwenye basi hulala kwake, abiria hulala porini. Mashine ya kusaga ikifa, mama hubeba mahindi hadi kijiji cha pili. Tatu, kibatari chenyewe ni adui. Moshi wake huwasha macho na kujaa kifuani, moto wake umeunguza watoto na nyumba. Kumsukuma mtu aachane nacho huenda ni kumtendea wema.

Naikubali hoja ya kwanza na ya pili. Ya tatu naikubali nusu, kwa sababu kumnyang'anya mtu fimbo mbovu si sawa na kumpa nzuri. Yule aliyepandishiwa bei Julai hakukabidhiwa taa ya sola Agosti. Ni kweli kwamba sehemu ya tozo za mafuta huenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, na nguzo za umeme ambazo leo zimefika vijiji vingi zimelipiwa kwa sehemu na fedha hizo. Mtu anaweza kusema: maskini alilipa, lakini alirudishiwa. Ukiangalia jedwali la miaka kumi, ndivyo. Lakini mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Mtoto aliyekuwa darasa la saba mwaka 2011 alikuwa na miezi miwili ya kusoma usiku baada ya bei kupanda, na hakuweza kuuomba mtihani umsubiri mpaka nguzo zifike. Nguzo zilipofika, zilimulika wadogo zake.

Naona hapo ndipo kosa la kimaadili lilipo, na ni dogo kiasi kwamba hesabu ya wizara haiwezi kulionyesha. Si kwamba serikali ilikuwa na nia mbaya. Ni kwamba ilipohesabu faida na hasara iliwajumlisha watu kana kwamba ni mtu mmoja. Mtu mmoja anaweza kukubali kuumia leo ili afaidi kesho. Lakini aliyeumia leo na atakayefaidi kesho si mtu mmoja, na yule wa kwanza hakuulizwa. Kumuadhibu mkosaji kunahitaji ushahidi, wakaguzi, mahakama, muda, na ujasiri wa kumgusa mtu mwenye lori ishirini. Kupandisha bei kunahitaji sentensi moja kwenye hotuba. Tulichagua kilicho rahisi, na urahisi wake ulitokana na ukweli kwamba mwenye kibatari hana chama, hana wakili, na hagomi. Akikosa mafuta, analala mapema.

Wala hatukuwa peke yetu. Mwaka 2018 Kenya nayo ilianzisha tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita ya mafuta ya taa, ikaiita wazi kwa jina la kazi yake: tozo ya kuzuia uchakachuaji. Kwa mtu wa Sirari hilo lilikuwa na kejeli yake. Mpaka unatenganisha sarafu, polisi na timu za mpira, lakini pande zote mbili zilifikia uamuzi mmoja kuhusu nani ni rahisi kumtoza.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nimesahau gari. Sijalisahau. Nimelifuata mpaka kwenye nyumba ya asiye nalo, kwa sababu ndiko gharama ya gari huishia mara nyingi. Na hakuna kiongezi kilichothibitisha hilo kuliko kile ambacho dunia nzima ilikimimina kwenye petroli kwa karibu miaka 100: risasi.

Mwaka 1921, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Marekani, mhandisi Thomas Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali ya risasi kinaiondolea injini ule ugonjwa wa kugonga. Faida ilikuwa ya kweli kabisa. Si matumaini ya kichupa. Injini ziliweza kubana zaidi, zikapata nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923, na jina lililowekwa kwenye pampu lilikuwa "Ethyl". Neno risasi halikutajwa. Mwaka uliofuata, wafanyakazi 5 wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kurukwa na akili kwa mvuke wa kemikali hiyo. Midgley aliita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali ileile mbele yao kuonyesha kwamba ni salama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kuugua kwa sumu ya risasi.

Wapo waliopinga. Dakta Alice Hamilton, bingwa wa sumu za viwandani, alipinga katika mkutano uliofanyika Washington mwaka 1925. Kamati iliundwa, ikachunguza madereva na watu wa gereji, watu wazima wa kazini, na ikasema haioni sababu ya kutosha ya kupiga marufuku. Watoto hawakuchunguzwa. Watoto ndio risasi huwaumiza zaidi, kwa sababu hupunguza akili inayokua, na wataalamu wa afya leo wanasema hakuna kiwango chake kilicho salama.

Afrika iliyatumia mafuta hayo kama dunia nyingine. Juni 2001, mjini Dakar, nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa 2006 eneo letu lilikuwa limeyaacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Msomaji uliyezaliwa kabla ya 2006 karibu na barabara kuu, jua kwamba ulivuta kile alichogundua Midgley. Huenda nyumbani kwenu hapakuwa hata na baiskeli.

Risasi inatupa swali la tatu, ambalo mgema hakuwahi kuulizwa: nani anavuta moshi? Mnunuzi alijua anapata nguvu, ingawa alifichwa jina. Alilipa mwenyewe. Injini yake ilifurahi. Ukipima kwa mizani ya mwenye gari tu, kiongezi kile kilikuwa na faida tupu. Hasara yake ilitoka kwa nyuma, kwenye bomba, ikatua kwa mtu aliyesimama kando akisubiri kuvuka.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika ukanda huu wa Mara wanalijua jambo hili kwa njia yao. Zebaki hutiwa kwenye mchanga ikamata dhahabu, kisha huchomwa ikapotea hewani. Dhahabu inabaki kwa mchimbaji na mnunuzi. Kilichopotea hewani hakijapotea. Kimehamia kwa mpishi wa karibu, kwa mto, kwa samaki. Kila unaposikia kwamba kitu fulani "kinapotea", uliza kinakwenda kwa nani.

Nani anajua, nani analipa, nani anavuta moshi. Sidai kwamba maswali haya matatu yanamaliza kila kitu. Lakini yameniondolea tabia ya kuuliza tu kama kitu kinafanya kazi. Kichupa cha fundi huenda kikafanya kazi au kisifanye. Ni suala la mfuko wa mtu. Uchakachuaji ulifanya kazi. Ushuru wa 2011 ulilenga mahali palepale pengo lilipokuwa. Risasi ilifanya kazi vizuri kuliko vyote. Kufanya kazi ni sifa ya chombo. Haki ni habari ya watu walio pembeni yake.

Kwa kijana anayeendesha bodaboda Nyamwaga, au anayepanga kununua gari la mkono wa pili akimaliza kulipa mkopo wa chuo, ushauri wa vitendo ni mfupi. Jaza penye risiti. Badilisha chujio kabla ya kununua dawa. Soma kitabu cha gari kabla ya kusoma kichupa, na kama gari haliumwi usilitibu.

Ushauri wa uraia ni mgumu zaidi. Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, mji kwa mji, na Tarime na Mugumu zimo. Sisi wenye vyombo vya moto tunatazama safu ya petroli na ya dizeli, tunalalamika, tunafunga simu. Pembeni kuna safu ya mafuta ya taa. Wanaoyanunua bado wapo, wamepungua, na wengi wao hawana simu ya kuisomea. Bei iliyoandikwa pale inabeba ndani yake ushuru uliopandishwa kwa ajili ya kosa ambalo hawakulitenda, juu ya magari ambayo hawakuwahi kuyapanda isipokuwa kwa nauli. Safu hiyo isomwe na sisi, kwa sauti, mpaka mtu mwenye mamlaka aulizwe kama bado kuna sababu ya kuwatoza wao.